Kuzuia botulizimu bomani na jikoni: mwongozo kwa mfugaji wa Nairobi

Ruai, Njiru, Mwiki, Kasarani, Dagoretti: kote huko ng'ombe wengi hula chakula kilichonunuliwa. Hufika kwa gunia, kwa bale, kwa mfuko wa sileji (malisho mabichi yaliyokatwa na kufungwa bila hewa ili yachachuke), na mara nyingine kwa pikapu iliyojaa maranda kutoka banda la kuku. Chochote kilichokufa ndani ya mzigo huo huingia bomani pamoja nao, na hakuna anayekiona. Botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli, huanzia hapo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya malisho, kwa kuwa ng'ombe akishalegea kwa sumu hii hakuna sindano ya kawaida ya kumwinua.

Bakteria anayeuleta ugonjwa huitwa Clostridium botulinum. Anaishi udongoni, kwenye tope na ndani ya matumbo ya wanyama. Mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, akaweza kukaa hivyo miaka mingi. Akipata mahali pasipo hewa, penye unyevu, joto na protini, na pasipo asidi ya kutosha, huamka, huzaana na kutoa sumu. Mzoga wa panya uliofungiwa katika mfuko wa sileji una yote hayo. Chupa ya kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini nayo inayo. Sumu yenyewe ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Hukata mawasiliano kati ya neva na misuli, na mwili hulegea hatua kwa hatua mpaka misuli ya kupumua inaposhindwa. Ng'ombe na kuku hudhuriwa hasa na aina C na D za sumu hii. Watu hudhuriwa hasa na aina A, B na E.

Kwa hiyo kifaa chochote utakachonunua, kiwe cha shilingi mia au cha laki, kinafaa tu kama kinafanya moja ya kazi mbili: kuondoa mizoga kwenye chakula, au kumnyima bakteria nafasi ya kukua kwa njia ya asidi, ubaridi au ukavu.

Hatua ya 1: Acha kuwalisha ng'ombe maranda ya kuku

Naanza na hili kwa sababu ndilo zito, na najua halitawafurahisha wengi. Maranda yaliyochanganyika na kinyesi cha kuku hutafutwa kwa sababu yana naitrojeni nyingi, chanzo cha protini kwa ng'ombe, na bei yake ni ndogo kuliko ya dairy meal (chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa). Mtu huyachanganya na molasi, ng'ombe hula, maziwa hupanda. Hatari iko katika kuku wanaokufa bandani na kufunikwa na maranda kabla hawajaokotwa. Mzoga mmoja ukioza mle ndani unaweza kutia sumu sehemu ya mzigo, na ng'ombe atakayekula sehemu hiyo ndiye atakayeanguka, huku wenzake wakionekana wazima.

Nchini Uingereza na Ireland, milipuko ya botulizimu kwa ng'ombe imehusishwa mara nyingi na maranda ya kuku, hata pale yalipomwagwa tu kama mbolea kwenye shamba lililo karibu na malisho. Kuyalisha ng'ombe huko ni marufuku. Wapo wanaosema kwamba ukiyarundika mpaka yapate joto yanakuwa salama. Joto la rundo huua vijidudu vingi, ni kweli, lakini spora za bakteria huyu hustahimili hata maji yanayochemka.

Protini ipo kwingine. Mashudu ya alizeti na ya pamba, na majani ya lusina, kaliandra na luseni, yote hufanya kazi hiyo. Machicha ya bia pia, ila hayo yana unyevu mwingi: nunua kiasi cha kutumika kwa siku chache, na usiyafungie kwenye pipa ukayasahau.

Maranda yapeleke shambani kwenye mahindi au mboga, yachanganywe na udongo. Yakisubiri kupelekwa, yafunike kwa turubai zito ili mbwa na korongo wasichimbue mizoga na kuidondosha kwenye boma la jirani. Anayeishi karibu na jaa anajua korongo wa Nairobi hubeba nini.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya kuku ifungwe

Ukifuga kuku, hapa simu yako inatosha. Fungua jedwali lenye safu nne: walioingia, waliouzwa, waliokufa na kuokotwa, waliobaki. Anayehudumia banda apite asubuhi na jioni, aokote waliokufa, apige picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la boma. Saa na tarehe hujiandika zenyewe.

Siku ya kutoa kundi bandani, jumlisha. Kama waliingia vifaranga 500, wakauzwa 470 na waliookotwa wakiwa wafu ni 18, basi 12 hawajulikani walipo. Baadhi huenda waliibwa. Wengine huenda wamo ndani ya maranda, na mzigo huo usikaribie malisho ya ng'ombe yeyote, wako au wa jirani.

Mizoga iweke kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana, unyunyize chokaa, kisha uzike kwa kina mbali na kisima au uichome. Kwenye ploti ndogo isiyo na nafasi ya kuzika, muulize afisa wa mifugo wa wadi kuhusu mahali pa kuipeleka. Kuitupa kwenye mtaro au jalalani ni kuihamishia kwa mwingine.

Hatua ya 3: Tengeneza sileji yenye asidi ya kweli

Sileji nzuri ni salama kwa sababu moja: bakteria wa asidi ya maziwa hushusha pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) haraka kiasi kwamba Clostridium botulinum hawezi kukua. Mpaka wake ni pH 4.6. Sileji ya mahindi iliyoiva vizuri huwa kati ya 3.8 na 4.2. Ikikwama juu ya mpaka huo huku ina majimaji, umemtengenezea bakteria makao.

Anza shambani. Kabla ya kuvuna, pita kati ya mistari ukitazama nyoka, fuko, panya na viota vya ndege. Ukikodi mashine ya kuvunia, mwambie dereva aanzie katikati ya shamba kuelekea pembeni, ili wanyama wapate njia ya kukimbia. Vuna mahindi punje zikiwa zimeanza kugangamala, zikibonyezwa kwa ukucha zinatoa kitu kama unga wa uji kuliko maziwa.

Unyevu ndio unaowaponza wengi. Unataka sehemu kavu iwe kama asilimia 30 hadi 35. Ukiwa na maikrowevu ya zamani na mizani ya jikoni, pima gramu 100 za malisho yaliyokatwa, yaweke ndani pamoja na glasi ya maji ili yasiungue, yakaushe kwa dakika chache chache ukiyapima kila mara hadi uzito usipungue tena. Yakibaki gramu 32, sehemu kavu ni asilimia 32. Usipokuwa na maikrowevu, finya konzi moja kwa nguvu kwa nusu dakika. Maji yakichuruzika, ni mabichi mno. Yakibaki donge huku kiganja kimelowa kidogo tu, funga. Yakisambaratika mara moja, yamekauka mno na hayatashindilika.

Mabingobingo yana maji mengi na sukari kidogo kuliko mahindi. Yakate, yaanike hadi yanyauke, kisha ongeza molasi, kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani. Asiyeongeza molasi kwenye mabingobingo mabichi asishangae akifungua na kukuta harufu ya siagi iliyochacha.

Chafkata, yaani mashine ya kukatia majani, ikate vipande vya sentimita 1 hadi 2.5. Kabla ya kujaza mfuko, mwaga kila mzigo juu ya turubai na uusambaze kwa reki. Dakika hizo za kutazama ndizo zinazomtoa panya aliyekatwa na mashine. Ukiona nyama, damu au manyoya, usiokote kipande hicho tu. Tupa na malisho yote yaliyokizunguka, kwa maana sumu haionekani kwa macho.

Shindilia tabaka kwa tabaka, toa hewa yote, funga, kisha usifungue kwa wiki nne. Mfuko ukae juu ya mbao au matairi, mbali na ukuta, na ukaguliwe kila wiki. Tundu la jino la panya ulizibe siku hiyo hiyo kwa utepe mpana wa plastiki.

Ukifungua, pima. Karatasi za pH zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara mjini. Chukua gramu 25 za sileji kutoka katikati, loweka kwenye mililita 100 za maji kwa nusu saa, kisha chovya karatasi. Usitumie maji ya kisima kirefu, kwa sababu maji mengi ya ardhini Nairobi yana baikaboneti na yatakupotosha. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanafaa. Ukipata zaidi ya 4.5, simamisha kulisha mfuko huo, pima upya sehemu nyingine, na umwite mtaalamu kabla ng'ombe hajaonja. Chomeka pia kipimajoto kirefu: sileji inayopata joto baada ya kufunguliwa imeanza kupoteza asidi yake, na inapaswa kuliwa haraka au kutupwa.

Hatua ya 4: Mtego badala ya sumu ya panya

Ghala la hei lenye panya huwafanya watu wakimbilie sumu ya panya. Fikiria kinachofuata: panya hula, hutambaa hadi ndani ya bale, hufia humo. Umeondoa mla hei na kuongeza mzoga. Tumia mitego ya kubana au ya ndoo, ikaguliwe kila asubuhi, na sakafu iinuliwe. Kila bale ikatwe kamba na kutikiswa kabla ya kuwekwa horini. Bale yenye doa jeusi linalonuka itoke nzima.

Andika pia kila mzigo ulikotoka: picha ya bale au gunia, jina la muuzaji, tarehe ya kuanza kulisha. Siku ng'ombe akianguka, swali la kwanza la daktari litakuwa wamekula nini wiki mbili zilizopita.

Hatua ya 5: Maji na madini

Tangi lisilo na kifuniko hunasa ndege na panya. Funika, weka wavu wa waya kwenye bomba la kufurika, na osha hori la maji kila wiki.

Ng'ombe anayetafuna mifupa, mbao au plastiki anakuambia kwamba amekosa madini, hasa fosforasi. Zamani Afrika Kusini ng'ombe walikufa kwa wingi kwa sababu hiyo hiyo: malisho yasiyo na fosforasi yaliwafanya watafune mifupa ya mizoga nyikani, na mifupa ikabeba sumu. Mtafiti Arnold Theiler na wenzake wa Onderstepoort, kituo cha utafiti wa mifugo cha huko, ndio waliofumbua chanzo hicho. Hapa kwetu angalia mifugo inayochungwa kandokando ya barabara na karibu na machinjio wakati wa kiangazi. Wape chumvi ya madini yenye fosforasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Chumvi ya mawe au magadi peke yake hayatoshi.

Hatua ya 6: Kuku na bata wasile funza wa mzogani

Funza hawadhuriwi na sumu hii bali huikusanya mwilini. Kuku akila funza wa mzogani, shingo hulegea, mabawa huanguka, na anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Wanaofuga funza wa inzi weusi kwa ajili ya chakula cha kuku, kazi iliyoenea sana mjini hivi karibuni, wawalishe mabaki ya mboga na matunda na wasiweke kabisa mizoga wala matumbo ya wanyama.

Kuhusu chanjo

Zipo chanjo za botulizimu aina C na D, na nchi kama Afrika Kusini na Australia huzitumia. Muulize daktari wa mifugo kama anaweza kukupatia, hasa ukiwa na kundi kubwa. Jambo la kushika ni kwamba chanjo ya kimeta na chambavu ambayo ng'ombe wako amepata haizuii botulizimu, ingawa bakteria wa chambavu ni ndugu wa karibu wa huyu.

Ng'ombe akianza kulegea

Hutembea kwa kuyumba miguu ya nyuma, kisha hulala kifuani na kushindwa kuinuka. Mate humtoka, hutafuna bila kumeza, mkia na ulimi hulegea, na kwa kawaida hana homa. Macho yanakutazama na akili anazo. Dalili zinaweza kuanza siku moja baada ya kula au hata zaidi ya wiki mbili. Homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa, hufanana na hali hii, lakini ng'ombe mwenye homa ya maziwa kwa kawaida huinuka akitiwa kalsiamu kwenye mshipa. Wakianguka wawili au watatu wanaokula hori moja, tena wengine hawajazaa karibuni, shuku malisho.

Usitie mkono mdomoni kumpima ulimi. Kichaa cha mbwa nacho huleta mate na kushindwa kumeza, na kipo Kenya. Mwachie daktari mwenye glavu na chanjo.

Usimnyweshe chochote kwa chupa, iwe dawa, maji ya majivu au mafuta. Koo lake limelegea na utamjaza mapafu. Antibiotiki haiondoi sumu ambayo tayari imo mwilini.

Simamisha malisho yote yanayoshukiwa kwa kundi zima, saa hiyo hiyo. Weka kilo moja ya kila aina kwenye mfuko safi ndani ya friza kwa ajili ya maabara. Maabara kuu ya mifugo ya serikali iko Kabete, na kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko huko huko. Mgonjwa alazwe kifuani juu ya nyasi nyingi, ageuzwe upande kila saa chache, awekwe kivulini. Wanaolegea polepole wengine hupona wakihudumiwa hivyo kwa wiki kadhaa. Maziwa na nyama ya mnyama anayeshukiwa visiuzwe wala visiliwe nyumbani, na mzoga usipewe mbwa.

Jikoni

Ugonjwa huu hauhami kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtu kwa kugusana. Mtu huupata kwa chakula chake mwenyewe kilichohifadhiwa vibaya.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Joto hilo linatosha kuharibu sumu ikiwa chakula kitachemka kwa zaidi ya robo saa, lakini haliui spora. Kuua spora kunahitaji nyuzi 121, nazo hupatikana kwa presha tu. Kwa hiyo usifungie maharagwe, minji, mahindi au nyama kwenye chupa kwa kuchemsha sufuriani kisha ukaziweka kabatini. Gandisha au kausha. Maharagwe yaliyochemshwa na kufungwa kwenye plastiki, yale yanayouzwa mitaani, yaingie kwenye friji mara tu yakifika nyumbani.

Nawasihi hasa wanaotengeneza pilipili ya mafuta na kitunguu saumu kwenye mafuta na kuuza mtandaoni. Mafuta hufukuza hewa, na kitunguu kimetoka udongoni. Tia siki hadi pH ya viungo vyenyewe iwe chini ya 4.6, ukipima kwa kipimo cha kidijitali kilichosawazishwa kabla ya kuongeza mafuta. Usipoweza kupima, tengeneza kidogo, weka kwenye friji na utumie ndani ya siku nne.

Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal liliandika kuhusu watu waliopata botulizimu hapa Kenya baada ya kula kumbikumbi. Ukitumiwa kumbikumbi kutoka Magharibi kwa basi, waombe ndugu wawakaange na kuwakausha kabisa kwanza, wasiwafunge wabichi kwenye plastiki.

Kopo lililovimba au chupa inayofyatuka maji ukifungua, usionje. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali, hata kidogo, kwa sababu tumbo lake bado linaweza kuruhusu spora kuota. Dalili kwake ni kufunga choo, kilio dhaifu, kunyonya kwa shida na shingo kulegea.

Kwa mtu mzima, kope hushuka, huona vitu viwili viwili, ulimi huwa mzito, kumeza huwa shida, kisha udhaifu hushuka kwenye mikono na miguu, bila homa. Mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula. Nenda hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kuwa mashine ya kupumulia inaweza kuhitajika. Dawa ya kupinga sumu huzuia ile iliyobaki kwenye damu, haiondoi iliyokwisha kushika neva, kwa hiyo kila saa ina uzito. Mwambie daktari wazi kwamba unashuku botulizimu, umpe orodha ya vyakula vya siku chache zilizopita, ubebe masalio kwenye chombo kilichofungwa, na uwaite wote waliokula nawe mezani wachunguzwe hata kama wanajisikia salama.